Wikendi ya Wakoli Chini ya Paa Moja

Wakoli ni mkaguzi wa mizani. Siku za soko utamkuta Chwele, Kimilili au Sirisia na kisanduku chake cha mawe ya kupimia, ameinamia mizani ya muuza viazi kwa uso wa daktari anayesikiliza kifua. Wauzaji wakimwona kwa mbali huanza kufuta mizani kwa kitambaa, ungedhani udanganyifu ni vumbi. Hapokei kitu. Nimekuwa jirani yake hapa Bungoma tangu watoto wake wakiwa wa kubebwa na sijamwona akipokea hata ndizi. Ni mtu mnyoofu kiasi cha kuudhi, na nasema hivyo nikiwa nampenda.

Lakini hakuna jambo alilolipima kwa ukali kama heshima ya mama mkwe wake.

Kwetu Wabukusu, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani. Hawapeani mkono, hawali meza moja, wala hawalali chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi ya watu na kusubiri mwenzake apite. Si chuki. Ni heshima, ila mgeni akiitazama atadhani mmoja ameiba ng'ombe wa mwenzake. Siku hizi familia nyingi zimelegeza mambo kwa zawadi na karamu kidogo, na utawaona mtu na mama mkwe wake wakipiga selfi harusini. Nyumba ya Mama Nakhumicha wa Sirisia haijalegeza chochote.

Basi tangu aoe, Wakoli alikuwa amemwona mama mkwe wake kwa mgongo tu. Alimjengea choo. Alimnunulia ng'ombe wa maziwa. Kila mwisho wa mwezi alimtumia sukari na majani ya chai, na vyote vilipitia mikono ya watu wengine. Angeweza kukutajia rangi za leso anazozipenda. Uso wake hakuujua.

Halafu mwezi wa tatu mama akateleza kisimani. Alilala kwenye matope asubuhi nzima, mpaka mpita njia akamsikia akiimba nyimbo za kanisa, maana alikuwa amechoka kuita. Mkewe Wakoli, Phelista, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na binti pekee wa mama huyo, alirudi kutoka Sirisia akasema neno moja: mama aje akae kwetu. Wakoli akasema haiwezekani. Angelala naye paa moja namna gani? Alisema atamjengea nyumba mpya hukohuko, atamwekea tangi la maji, atamtafutia msichana wa kazi. Nyumba mama anayo. Wasichana wa kazi walikuja wakaenda. Kitu asichokuwa nacho ni mtu wake wa kumsikia akianguka. Phelista alisema hivyo mpaka akachoka kusema, na nyumba yao ikanyamaza. Ukipita jioni ulisikia redio peke yake. Mimi nilikuwa upande wa Phelista, sifichi.

Ndipo ikaja habari ya hoteli. Chama cha walimu cha kuchangiana kwa zamu kilikuwa kimefika kwa Phelista, na safari hii wenzake, badala ya sufuria, walimpa pumziko la wikendi katika hoteli moja nje ya Kitale, upande wa Saboti: kulala, kula, bwawa la kuogelea, chumba cha mvuke, masaji, na mafunzo ya kufinyanga na kusuka. Alimwambia mumewe kwamba wanakwenda kupumzika. Hakumwambia kwamba nafasi zilikuwa za watu wanne. Wengine wataita huo uongo. Mimi naona mwanamke alinyamaza mahali pazuri.

Yaliyotokea huko nimesimuliwa na Phelista, na Wakoli, na mama mwenyewe, na kila mmoja ana habari yake. Nimezichanganya kwa hiari yangu.

Wakoli hajui kupumzika. Kwenye begi alitia suti, viatu vya kazi, na mawe mawili ya kupimia, ati huwezi kujua. Walifika Jumamosi asubuhi, na kabla hajakaa vizuri alikuwa amevalishwa aproni yenye maua na kuketishwa mbele ya gurudumu la kufinyangia. Mwalimu alikuwa Kiran, mke wa mtoto wa mwenye hoteli, mwanamke mpole mwenye udongo mpaka kwenye nyusi. Aliwagawia wageni madonge ya udongo. Wakoli aliinua la kwake, akainua la mkewe, akasema haya si sawa. Akaomba aende chumbani alete mawe yake. Phelista akacheka. Ilikuwa miezi hajacheka, na Wakoli alifurahi kiasi kwamba aliliacha jambo la uzito likapita, kitu ambacho hakijawahi kutokea katika kazi yake.

Alikuwa ametumbukiza mikono kwenye udongo mpaka vifundoni mlango ulipofunguka. Kijana wao Derrick alikuwa anaingia, amemshika nyanyake mkono.

"Kukhu, ingia, ni hapa," Derrick alisema. "Wamama wengine wanakuja tu saa hii."

Wakoli aliiona leso kwanza. Aliifahamu kwa sababu aliinunua yeye. Kabla hajafikiri, alikuwa chini ya meza.

"Baba Derrick, toka hapo," Phelista akasema.

Mama Nakhumicha aliposikia jina hilo naye alielewa. Aligeuka akajibana ukutani kati ya mlango na rafu ya vyungu, akajifunika leso kichwani. Sasa shida ikawa hii: Wakoli hawezi kutoka bila kupita mlangoni, na mlangoni kuna mama. Mama hawezi kutoka bila kugeuka, na akigeuka ataiona meza. Derrick, ambaye mpango wote aliujua, alikumbuka kwamba gari la kukodi aliloleta lina shida kidogo, akaondoka kulitazama. Hakurudi mpaka chakula cha mchana.

Kiran alimsogelea mama pole pole. "Mama, kuna mtu amekukosea?"

"Hapana," mama aliuambia ukuta. "Huyo ni mkwe wangu. Ni mtu mzuri sana."

"Mwambie hata yeye ni mama mzuri sana," sauti ikasema chini ya meza.

"Sasa si msalimiane?"

"Hapana," wakasema wote wawili.

Aliyeokoa hali ni Kiplagat, mhudumu aliyekuwa ameleta chai. Alitazama meza, akatazama ukuta, akaweka sinia chini. "Hiyo ni mama mkwe," alimwambia Kiran. "Ata sisi huku mlimani iko. Usicheze na hiyo kitu." Akakivuta kitambaa cha meza, akamfunika Wakoli kichwa mpaka magoti, akamtoa nje kama watu wanavyohamisha kabati. Phelista hakuinuka. Aliendelea kufinyanga bakuli lake kwa hasira mpaka likawa sahani.

Huko nje Wakoli alijifunua, na kitu cha kwanza alichokitazama ni paa. Lilikuwa la mabati ya kijani, refu, limefunika vyumba vyote vya wageni bila kukatika. Alilizunguka jengo lote kichwa juu akitafuta mahali lilipoachana. Halikuachana popote. Akaenda mapokezi akaomba chumba chenye paa lake.

Ombi hilo lilimfikia mwenye hoteli, Mzee Balwant, Singasinga ambaye babake alikuja Kitale kupasua mbao. Wakoli alimweleza yote akitazama sakafu. Alitarajia mzee acheke.

"Mke wangu alijifunika uso mbele ya baba mkwe yake mpaka huyo mzee akakufa," Balwant alisema. "Siku ya mazishi ndiyo alimuona vizuri. Akasema, ati kumbe alikuwa na sura nzuri." Akamshika bega. "Tutakusaidia, bana. Wewe ni mgeni wangu, na yeye ni mgeni wangu."

Na kweli hoteli nzima ilianza kusaidia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kiplagat alikabidhiwa kengele. Wakoli akitembea, ipigwe mara moja. Mama akitembea, mara mbili. Hakuna aliyekumbuka kwamba hiyo ndiyo kengele ya chakula. Kila Wakoli alipokwenda chooni, wageni wote walitoka bwawani mbio na mataulo yao kuelekea chumba cha kulia. Bwana mmoja kutoka Nyeri, Nderitu, alikimbia mara nyingi mpaka akaamua kubaki mezani hukohuko na uma mkononi. Mama alipewa ule mwavuli mkubwa wa hoteli, auweke mbele yake akikata kona. Alitembea nao jua likiwaka, haoni mbele, akiongozwa na sauti ya Derrick, na aligonga kila chungu cha maua kilichokuwepo.

Wakoli alijificha chumba cha mvuke akiwa na suti. Alitoka humo shati limemganda mwilini akaambiwa mama amekwenda masaji, njia ni nyeupe. Baadaye jioni Balwant akamletea habari njema: hilo banda la masaji lina paa lake lenyewe, la nyasi, halijashikana na kitu. Atalala humo. Wakoli alishukuru sana, kisha akakumbuka kwamba mama alilala humo usingizi mchana, akikandwa mgongo. Je, watu wakilala chini ya paa moja saa tofauti, wamelala pamoja? Alimpigia simu mjomba wake Sirisia. Mjomba aliuliza kama paa ni la mabati au la nyasi, akafikiri, akasema jambo hili linahitaji kikao, ila kwa leo alale tu akiwa na viatu.

Akalala na viatu juu ya kitanda cha masaji. Asubuhi alizinduka uso ukiwa ndani ya kile kitundu cha kuwekea uso, akitazama sakafu, akadhani amekufa na hivyo ndivyo ilivyo. Phelista alikuwa amelala peke yake kwenye kitanda kikubwa kilichonyunyiziwa petali za maua. Ananiambia aliziokota zote akazitupa dirishani.

Jumapili ilikuwa siku ya kusuka vikapu. Phelista alimwendea Kiran mapema akamwambia hakuna mtu wake atakayekosa somo. Kwa hiyo walifunga kamba katikati ya darasa, wakatundika mashuka ya hoteli. Upande wa kulia akakaa mama na matete yake. Upande wa kushoto akakaa Wakoli na ya kwake. Phelista akawekwa pale mashuka yanapokutana, mguu mmoja huku, mguu mwingine kule. Wageni wengine walihamia kuketi nyuma, na sidhani kama walijali vikapu.

Walisuka safu ya kwanza. Kisha mama akasema, "Phelista, mwambie Baba Derrick asante kwa ng'ombe."

"Amekusikia, mama."

"Mwambie."

"Baba Derrick, mama anasema asante kwa ng'ombe."

"Mwambie mama si kitu. Muulize kama anatoa maziwa mzuri."

"Anatoa," mama akasema moja kwa moja hewani, kisha akakumbuka. "Mwambie anatoa."

Waliendelea hivyo, ng'ombe, choo, bei ya mahindi, kila neno likipita kwa Phelista ilhali shuka lenyewe ni jepesi na kila mtu anasikia. Nderitu alinong'ona kwamba hajawahi kuona watu wanaopatana namna hii. Ni kweli walikuwa wanapatana. Walikuwa wakifurahia mazungumzo, na Phelista alikaa pale katikati akigeuza shingo mpaka ikauma.

Mwisho akaweka kikapu chini. "Sasa na mimi niulize yangu. Baba Derrick, mama atakuja kukaa kwetu ama hakuji?"

Matete yaliacha kukwaruzana.

"Mwambie mama," Wakoli akasema taratibu, "si ati sitaki. Namheshimu sana. Ndiyo maana siwezi."

"Mwambie Baba Derrick," mama akajibu, "hata mimi siwezi. Nikilala kwa mkwe wangu, watu wa Sirisia watanionaje? Amesema vizuri."

"Mwambie mama asante kwa kunielewa."

"Mwambie—"

"Siambii mtu," Phelista akasema. Alisimama, na aproni yake ikanasa kwenye kamba hivi kwamba shuka likainuka kidogo na wote wawili wakafumba macho haraka. "Nyinyi mnaheshimiana sana. Mnaheshimiana mpaka raha. Lakini siku ile ya kisima, nani alipigiwa simu? Nani alimwosha matope kwa masikio? Utaanguka tena, mama, na siku hiyo utakufa na heshima yako, na huyu atatuma sukari kwa matanga. Mimi sina mama mwingine."

Akatoka. Hakubamiza mlango, ulikuwa mlango wa kusukuma.

Kiran hakujua la kufanya, akasema tuendelee na safu ya pili. Hakuna aliyeendelea. Nyuma ya shuka Wakoli alikuwa ameshika tete moja na hajui alipitishe wapi. Ananiambia alihisi aibu ambayo hajawahi kuihisi, na kwamba kilichomuumiza zaidi ni neno masikio. Hakuwahi kujua kwamba matope yalifika kwenye masikio. Alikuwa ameambiwa mama aliteleza, akatuma sukari.

Darasa hili la kusuka, tofauti na lile la kufinyanga, lilikuwa na milango miwili. Wakoli alitoka kwa mmoja kumtafuta mkewe. Mama alitoka kwa mwingine kumtafuta binti yake, mwavuli mkononi, bila kumngoja Derrick. Kiplagat angepiga kengele, lakini angepiga mara ngapi? Alisimama na kengele yake akifikiria jambo hilo mpaka akawa amechelewa.

Phelista alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya bwawa, analia na aproni yake. Wakoli alitokea upande wa jikoni. Mama alitokea upande wa bustani. Walimwona Phelista wakati mmoja, wakaharakisha wakati mmoja, na walipobakiwa na hatua chache kila mmoja akatambua kwamba mwenzake yupo. Wakoli akageuza uso kuelekea mlima. Mama akafungua mwavuli, akaushika mbele yake, akaanza kurudi nyuma kwa adabu yote aliyofundishwa tangu usichana. Alirudi kinyumenyume vizuri kabisa, na akarudi mpaka ndani ya bwawa.

Mwavuli ulibaki juu ya maji. Mama hakubaki.

Phelista alipiga kelele. Hajui kuogelea. Nderitu, anayejua, alikuwa amesharudi chumba cha kulia. Aliyekuwa karibu ni Wakoli peke yake, na Wakoli alisimama. Namtetea rafiki yangu kwa mengi, lakini hili halifichiki, alisimama. Anasema aliiona leso ikitanda majini akajua kwamba akienda atamgusa, na mguu wake ukakataa. Anasema hata sasa akiukumbuka mguu huo anauchukia. Kisha akasikia mkewe akiita jina lake lenyewe, sio Baba Derrick, Wakoli, jina ambalo hakuwa amelisikia kinywani mwake tangu wachumbiane, na akaruka na suti na viatu.

Alitua kwa magoti, maana ulikuwa upande wa watoto. Maji yalimfika kiunoni. Mama alikuwa amekaa chini kabisa kama mtu aliyeketi kanisani, macho wazi, anatoa mapovu. Wakoli alimshika makwapa akamwinua. Alikuwa mwepesi. Mtu aliyeinamia mizani maisha yake yote, na hakuwa ametegemea uzito ule. Miaka yote hiyo, nyuma ya migongo na miti na mahindi, alikuwa amemwazia kuwa mama mwenye mwili mkubwa.

Wakasimama hivyo, ana kwa ana, wameshikana, maji yakiwachuruzika. Mama alikohoa. Akapangusa macho. Halafu akamtazama mkwe wake, na hakuangalia pembeni. Alimtazama kwa utulivu kuanzia kichwa chenye mvi, mifuko iliyo chini ya macho, mpaka tumbo.

"Kumbe umezeeka," alisema.

Wakoli alizidi kumshika makwapa.

"Siku ile ulikuja kuchumbia nilikuchungulia dirishani. Mara moja tu. Ulikuwa kijana mwembamba, na suruali ya kahawia." Mama alikuwa bado anamkagua. "Mimi siku hizi zote nimekuwa nikikimbia huyo kijana. Sasa alienda wapi?"

Wakoli alianza kulia, na haoni aibu kunieleza. "Alienda, mama," alisema. "Nimebaki mimi."

Phelista alikuwa amefika ukingoni, amepiga magoti, amenyoosha mkono, na hakuna aliyeushika. Wageni walikuwa wamesimama na mataulo. Kiplagat alikuwa ameshika ulimi wa kengele usilie.

"Hiyo nyumba yenu iko na ngazi?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Ni ya chini."

"Na choo ni cha ndani?"

"Ni cha ndani."

Mama alifikiri. Maji yalikuwa baridi na meno yalianza kumgongana, na Wakoli alikuwa bado hajamwachilia.

"Basi shika vizuri," alimwambia. "Nisianguke tena."